Clé Zenye Rangi Mbichi

Juzi, mjini Butembo, nilipita nyuma ya duka la vyombo vya makanika nikaona kijana anapaka rangi ya fedha clé, spana zilizovunjika na kuungwa kwa moto. Harufu ya rangi ile niliijua.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa akitengeneza pikipiki kwetu Vulamba. Alasiri moja clé yake mpya ilikatika akikaza boulon ya gurudumu, ngumi yake ikagonga chuma, damu ikachanganyika na grisi. Tukairudisha dukani.

Muuzaji hakubisha hata kidogo. "Papa, usikasirike. Garantie iko. Lete ile ya kuvunjika, kamata ingine."

Akaitupa ya kuvunjika katika ndoo chini ya meza, akatoa nyingine inayong'aa. Baba hakusema aksanti, nami nikaona aibu mbele ya mtu mwema namna ile. Njia nzima nilinusa clé yetu, nikiamini hivyo ndivyo kitu kipya kinavyonuka. Vidole vyangu vilibaki na rangi ya fedha, nikavionyesha kwa majivuno. Baba alivitazama, akatema mate pembeni, akavifuta kwa kitambaa chenye esanse ya pikipiki. Hakuwa na clé nyingine. Ile nayo ilikatika, na kidole chake hakikunyooka tena.

Nilimwuliza yule kijana kama haoni haya. Hakuiweka hata brashi chini.

"Mais mama, unawaza clé ya garantie inatokaka wapi?"