Mteremko Chini ya Ngazi

Duka langu la ushonaji liko Ngarenaro, katika jengo la mawe ambalo mwenye nyumba alilirithi kwa baba yake. Kuingia ilibidi upande ngazi tatu. Sikuwahi kuzifikiria mpaka nilipompata mteja mmoja, mwalimu mstaafu wa Kijenge, anayetumia kiti cha magurudumu. Nilikuwa namshukia na futi yangu, nampima palepale barabarani, wapita njia wakitukodolea macho.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "kiuno changu sasa kinajulikana Ngarenaro nzima."

Alicheka. Mimi nilishindwa.

Baadaye afisa wa jiji alipita duka kwa duka akikagua. Penye ngazi zangu akasimama, akaandika. "Hata kama jengo ni la zamani, mwenye ulemavu lazima aweze kuingia. Weka mteremko."

Nikampigia mwenye nyumba, mzee wa Kichaga anayeishi Olasiti.

"Ngazi zile zisiguswe," alisema.

Nikamweleza sheria, nikamweleza na habari za mwalimu. Mwisho akasema, "Haya, vunjeni. Ila mimi siji."

Fundi alianza asubuhi moja ya Julai. Ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka, hata ng'ambo ya barabara haionekani. Nilikuwa kwenye cherehani niliposikia nyundo imekoma. Nikangoja.

"Dada," aliita kwa sauti ndogo, "hebu njoo."

Chini ya ngazi palikuwa na mteremko mwingine. Saruji ya kale, na juu yake mifereji miwili sambamba, iliyochimbwa na magurudumu ya miaka mingi, ikishuka kutoka mlangoni kwangu hadi barabarani.

Nilimtumia mzee picha. Haukupita muda akafika, yeye aliyesema haji. Alivua kofia.

"Ni wa dada yangu," alisema. "Hakutembea tangu utoto. Baba alimjengea huu, tulipokuwa tukiishi humu. Asubuhi moja ya ukungu kama huu alishuka peke yake, akasema anakwenda kupunga upepo. Kiti tulikikuta pale kwenye kona, shuka lake limekunjwa vizuri juu yake. Yeye hatujampata mpaka leo. Wiki ileile baba akajenga ngazi."

"Tuufunike, mzee?" fundi aliuliza.

Akatikisa kichwa. "Hapana. Ngazi hazikumrudisha."

Fundi aliurefusha mteremko kwa sababu ulikuwa mkali, akauparuza usiteleze, akaweka vyuma vya kushikilia. Mzee mwenyewe ndiye aliyevishika vikichomelewa.

Mwalimu alikuja Jumanne, ukungu ungalipo.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba."

Nikatoka nimsaidie, lakini alikuwa ameshafika nusu, mikono imetulia mapajani. Kiti kilipanda taratibu, bila kukwama. Juu kabisa akageuza shingo.

"Asante, binti."

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Mwalimu, unamshukuru nani?"

"Huyu aliyenisukuma. Ana mikono ya baridi, maskini."

Mzee, aliyekuja kuuona mteremko ukitumika, alikuwa amekaa ndani, kwenye benchi la wateja. Aliinuka, akasimama mlangoni akiutazama ukungu. Kisha akashuka mteremko polepole, akiita jina ambalo sikuwahi kulisikia.