Siku Niliyopanda Eropleni Kimulot

Kazi nimepata, hilo mlijue kwanza. Mengine mnayosikia kwa wachuma chai ni kweli pia.

Mzungu mmoja hapa Kimulot alitaka fundi wa kuruka naye kwenye eropleni yake. Jirani yangu Koech alinifundisha: "Akikuuliza kama umewahi kupanda, sema umezoea." Mimi hata farasi sijapanda. Nikasema nimezoea.

"Basi ingia tujaribu," Mzungu akasema.

Injini iliponguruma nilifumba macho, nikang'ang'ania kiti. Tulikimbia, tukatikiswa sana, kisha kukawa kimya. Sikupiga kelele wala sikutapika. Nilifumbua macho, nikashuka kifua mbele, nikawapungia mkono wachuma chai waliokuwa wakinishangilia kando ya kiwanja.

"Umeona nini?" Mzungu aliuliza.

"Nimeona chai yote, Bwana, mpaka msitu wa Mau. Watu ni wadogo kama siafu."

Alinipa mkono. "Fundi wa kwanza alipiga nduru injini ilipowaka tu. Wewe umenyamaza, kwa hiyo kazi ni yako. Sasa njoo tusukume. Gurudumu limekwama kwenye matope, na bado hatujaruka."