Tope la Nyuma ya Bafu la Mama Mkwe

Afadhali nianze na aibu yenyewe: lile tope lililopimwa likaonekana safi halikutoka ziwani kwetu. Nililichota mimi, mtaa wa Utemini mjini Singida, nyuma ya bafu la mama mkwe. Juzijuzi nimesikia kwamba mpima tope amefariki, ndipo nikashika kalamu.

Wasomaji wangu mnajua niliishia darasa la sita, na hata hilo nusu yake nilikuwa machungani na mbuzi. Marehemu alitukuta tumehamia kijiji kipya cha Ujamaa, kando ya ziwa dogo linalopokea kijito kutoka mgodi wa dhahabu uliofungwa tangu enzi za Mwingereza. Alitaka kujua kama zebaki, ile sumu wachimbaji waliyokamatia dhahabu, imetuama chini. "Maji yanasahau, kijana," aliniambia. "Tope halisahau." Akachota katikati ya ziwa, akajaza chupa sita nene, akanikabidhi nizipeleke kwa basi ofisini kwao Singida Mjini zikapimwe, yeye akaendelea na vijiji vya mbele. Asubuhi ya safari, kibuyu cha asali niliyokuwa nimpelekee mama mkwe huko mjini kikapasuka. Kwenda ukweni mikono mitupu, huku kwetu, bora usiende kabisa. Nikamwaga tope, nikaosha chupa, nikatia asali. Nilipofika Utemini nikaimimina kwenye chungu chake, kisha nikajaza chupa tope la pale pale. Nilijiambia tope ni tope.

Majibu yalisomwa mkutanoni: hakuna sumu, kuleni samaki. Tukapiga makofi, na marehemu akanisimamisha. "Huyu ndiye aliyebeba," akasema. Nikainama kama bibi harusi. Siku zile tulihimizwa kazi, kazi, nasi tukadhani kazi ni kufikisha chupa ikiwa imejaa. Kilichomo ndani, ambacho ndicho watoto wetu wangekula, hatukukiuliza. Alipopita tena mwaka uliofuata nilimpa shikamoo yake, nikamchekesha mpaka akashika mbavu, na lile neno moja nikamnyima.

Baada ya matanga nilimsimulia rafiki yangu, nikitegemea atacheka. Hakucheka. "Unamlilia aliyekufa," alisema. "Mke wangu jana kapika perege wa ziwa lile lile, watoto wamefyonza mpaka miiba. Ofisi bado ipo, na basi linaondoka saa kumi na mbili. Kachote tope upya. Na asali ya mkwe, safari hii tafuta kibuyu kizima."