Nilijiita Mtu wa Mkataba Ukweni Ilula

Msinihurumie. Nilichokipata nilikitafuta mwenyewe, tena kwa nauli yangu! Jina langu silitaji maana Mbeya ni ndogo na watu wake wana midomo.

Nilikuwa fundi msaidizi wa ndege kwenye kiwanja cha Mbeya. Mafundi tulikuwa wa aina mbili. Sisi wa kudumu tulikuwa na mshahara mwembamba, lakini pia nyumba ya kazini, likizo, na kiinua mgongo uzeeni. Wenzetu wa mkataba walikuja kwa miaka miwili, wakalipwa karibu mara mbili yetu, kisha kwaheri.

Jamani, wale watu walijua kuringa! Ovaroli zao mpya za kaki, viatu vinalia. Sisi tulivaa za buluu zilizofuliwa mpaka zikasahau rangi. Kazi ni ileile, injini ni ileile, lakini akina dada wa sokoni walikuwa wanawasalimia wao kwanza. Roho iliniuma, sifichi.

Basi nikampenda Salome, binti wa Kihehe, aliyekuja Mbeya kumuuguza shangazi yake. Aliimba kwaya kanisani kwetu. Alikuwa anacheka kwa sauti, hata wazee wa kanisa wanageuka. Aliporudi kwao Ilula nikaamua kwenda kuposa.

Mshenga wangu alikuwa rafiki yangu Yohana, fundi wa mkataba, kapera kama mimi. Nikamwomba ovaroli yake ya kaki. Akacheka, akanipa, yeye akavaa yangu ya buluu kwa mzaha. Nani huenda kuposa amevaa ovaroli? Mimi! Nilitaka ukweni waone kwamba wamepata mtu wa ndege.

Tulipanda lori, tukafika Ilula tumejaa vumbi, na jembe jipya mkononi, maana kwa Wahehe ndilo lililobisha hodi katika mambo ya posa; likibaki, umekubaliwa. Nililinunua mimi.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mwenye kuposa hasemi. Mshenga ndiye mdomo, wewe unatazama miguu yako. Kila mtu anajua hivyo, hata mimi nilijua!

Mzee, baba yake Salome, alipokea salamu zetu, "Kamwene, wanangu," akatukaribisha vigoda. Salome alikuwa nyuma ya mlango, nikiuona ukingo wa kanga yake. Baada ya habari za mvua na za shangazi, mzee akauliza, "Huyu kijana wenu, kazi yake ni ya mkataba au ya kudumu?"

Yohana akafungua mdomo. Nikamdakia!

"Ya mkataba, baba! Hawa wa kudumu wanalipwa kama wafagizi. Mimi mshahara wangu ni sawa na wao wawili."

Mzee akanitazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Mtu wa mkataba ni mgeni," akasema. "Akimaliza anaondoka. Mwanangu atabaki anafuata ndege kwa macho?" Kisha akamgeukia Yohana mwenye ovaroli iliyochakaa. "Na wewe, mwanangu?"

Yule mwanaharamu hakupepesa hata jicho. "Mimi ni wa kudumu, baba."

"Umeoa?"

"Bado, baba. Nangoja wakwe wenye busara."

Mzee akacheka, akamwita Salome, akamuuliza mbele yetu kama anamtaka huyu wa buluu. Nikajua atakataa. Nilikuwa na uhakika kama nati niliyoifunga kwa mkono wangu. Salome hakuniangalia hata kidogo. Akasema, "Namtaka."

"Basi jembe lisirudi Mbeya," mzee akasema.

Jembe langu! Ningesema nini? Niseme nimedanganya? Nikanywa togwa yao, nikashukuru. Njia nzima ya kurudi Yohana aliniomba radhi huku anacheka, nami nikamwambia simjui.

Walifunga ndoa. Mimi kwa hasira nikaacha kazi ya kudumu, nikasaini mkataba na watu wa ndege za kunyunyizia nzige dawa. Nafasi yangu ikabaki wazi. Aliyepewa ni nani? Yohana! Kwa hiyo uongo wetu sote wawili ukawa kweli, wake ukamlipa, wangu ukanila.

Mkataba ulipokwisha nilirudi Mbeya kutafuta kazi. Yohana hakuwepo. Salome akanipokea kwenye nyumba ya kazini niliyokuwa naishi mimi, akanimiminia chai.

Nikashindwa kujizuia. "Dada, siku ile ulimkubalije?"

Akaweka birika chini. "Nilikuwa nimeshamwambia baba kwamba wewe ni wa kudumu. Nilimsihi mwezi mzima. Ng'ombe wa mahari alishawapunguza kwa ajili ya mshahara wako mdogo. Aliuliza tu akusikie mwenyewe. Ukanifanya mimi mwongo mbele ya baba yangu."

"Na Yohana? Naye alidanganya!"

"Alidanganya ili anipate. Wewe ulidanganya ili uonekane."

Chai ile sikuimaliza. Nililia njiani, mtu mzima na ndevu zangu, na mvua ya Mbeya ikanisitiri kidogo.

Enyi vijana mnaokwenda kuposa, mwachieni mshenga aseme. Na mkiulizwa mshahara wenu, semeni huohuo mdogo. Huenda kuna mtu nyuma ya mlango ameshautetea.