Kufuli ya Simu ya Kiogoro

Leo mama yangu amenifichulia siri yangu mwenyewe.

Imeanza na binti yangu Kemunto, miaka mitano. Nimemkuta nyuma ya kochi na simu yangu, anampigia babake kazini Nakuru. Mara ya tatu tangu asubuhi, na mimi mtoto mchanga hajaniacha nilale.

Nikamnyang'anya, nikaweka namba ya siri.

"Simu si ya kuchezea."

Mama, ambaye amekuja kunisaidia na mtoto, akacheka huku akimenya ndizi.

"Moraa, hayo maneno ni yangu."

Ni kweli. Nyumbani Kiogoro tulikuwa na simu ya mezani, ile ya kuzungusha namba. Mama aliifunga kile kisahani cha namba kwa kufuli kisizunguke, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso.

Lakini mimi nilijua ujanja. (Mliokua na hizo simu, semeni ukweli.) Unainua mkonga, unagonga kile kidude cha kukatia: mara tatu kwa namba tatu, mara kumi kwa sufuri, na simu inapiga. Nilimpata baba kazini Mombasa bila kugusa kufuli.

"Ulidhani sikuwa nakusikia ukigonga?" Mama akaniuliza. "Nilikuwa nasimama mlangoni na birika la chai, nangoja umalize na baba yako ndio niingie."

Na miaka yote hiyo nilijiona mjanja.

Nikaifungua simu, nikamrudishia Kemunto.

"Dakika tano. Kesho utapiga jioni, mara moja."

Kisha nikasimama mlangoni, nikangoja amalize.