Njia ya Kupitia Kibakwe

Wazo la safari lilikuwa la mume wangu. Likizo ya Juni ilikuwa imeanza, mimi nimetoka kusahihisha mitihani ya darasa la sita na la saba, macho yananiuma, na nilichokitaka ni kitanda tu. Yeye alitaka watoto waijue nchi yao. Alisema mtoto anayekulia Dodoma mjini anadhani Dodoma ni ofisi na vumbi. Akaazima gari la mwenzake wa kazini, akapanga: siku ya kwanza Mpwapwa, ya pili Bwawa la Mtera, jioni nyumbani.

Tulikuwa watano. Yeye na mimi, binti zetu wawili, na mama yake, ambaye alikuwa ameishi kwetu tangu baba mkwe alipofariki. Miguu yake ilikuwa imeanza kumkatalia. Asubuhi nilimwogesha kabla ya kwenda shuleni, jioni nikamchua magoti kwa dawa, na katikati ya hapo nilikuwa na darasa lenye watoto wanaokaa wanne kwenye dawati moja. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nami nilikuwa nimefika mahali ambapo hata kuzungumza kulikuwa kazi.

Mpwapwa tulifika jua likiwa la utosi. Mume wangu alikuwa ametusimulia njia nzima habari za misafara ya zamani, jinsi wapagazi walivyopumzika hapo na mizigo yao, wakanywa maji kabla ya kuingia nyika kavu. Tukalizunguka kanisa la zamani la wamisionari. Lilikuwa limefungwa. Mama mmoja aliyekuwa anafagia nje akatuambia mwenye ufunguo amekwenda msibani.

"Baba, hapa pana nini?" aliuliza binti yetu mkubwa.

"Historia."

"Iko wapi?"

Mume wangu alitazama huku na huku, kisha akasema tupige picha. Kwenye picha ile sote tumekunja nyuso kwa jua, isipokuwa bibi yao, ambaye hakushuka garini. Alikuwa anatazama upande wa pili, kwenye vilima.

Jioni, katika chumba cha gesti, nilikuwa namchua magoti upepo ukipiga dirishani. Juni kule baridi yake inaingia mpaka mifupani. Akasema, "Kibakwe si mbali kutoka hapa."

Kibakwe ndiko alikoishi dada yake, mkubwa wake, ndugu pekee aliyembakia katika watoto wa nyumba yao. Mama mkwe hakuwa amekwenda huko kwa miaka mingi. Kila mara alipotaja, mwanawe alimjibu kwamba barabara ni mbaya, tungoje.

Nikampelekea mume wangu maneno hayo. "Haiko kwenye mpango," alisema. "Na hili gari si letu."

"Basi mwambie mwenyewe."

Alimwambia. Niliwasikia kupitia ukutani, yeye anaeleza, mama yake anaitikia "haya" kila sentensi, haya ile isiyokubali kitu. Nilipochoka kuwasikia nikaenda mlangoni nikasema, "Tupitie Kibakwe. Kutoka kule kuna njia ya kutokea barabara ya Iringa. Mtera tutafika tu." Sikusema kwa wema. Nilitaka waninyamazie nilale.

Asubuhi tukashika njia ya vumbi. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena kwenye mawe. Binti mdogo alitapika kwenye mfuko, kisha nje ya mfuko. Kwenye mlima mmoja mrefu gari likaanza kutoa moshi mbele, mume wangu akalisimamisha, akafungua boneti, akasimama mikono kiunoni. Rejeta ilikuwa inachemka. Tukangoja ipoe. Nikashuka kwenda kuomba maji nyumba ya jirani, na niliporudi na ndoo nikakuta mlango wa nyuma uko wazi.

"Bibi yenu yuko wapi?"

"Ameenda," alisema binti mkubwa, akionyesha mlimani.

Alikuwa mbele yetu, mbali kabisa, na fimbo yake, anapanda. Mwanamke ambaye nyumbani nilimshika mkono mpaka mlango wa choo. Mume wangu alimwita mara mbili. Hakugeuka.

Rejeta ilipopoa tukapanda, tukamkuta juu, amekaa kwenye jiwe kando ya njia na akina mama wawili waliokuwa wanatoka shambani. Walikuwa wanaongea Kigogo haraka haraka, na alikuwa anacheka. Binti mdogo aliniuliza kwa sauti ya chini kama bibi ni mgonjwa. Hakuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Tulipofika Kibakwe, dada yake bibi tulimkuta uani, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa mwembamba, mweusi, macho makali. Watoto wakampa shikamoo, akawaitikia bila kuwatazama, kwa sababu alikuwa anamtazama mdogo wake anavyoteremka garini. Hawakukumbatiana. Walishikana mikono tu, wakasalimiana salamu ndefu za kwao, mbukwenyi na majibu yake, wakaulizana hali ya huyu na yule, na wengi wa waliowaulizia walikuwa wamekufa.

"Umechelewa," alisema dada mtu kwa Kiswahili, nadhani ili sisi tusikie.

"Nilikuwa naletwa," alijibu mama mkwe.

Tulikula ugali wa mtama na mlenda. Kisha mume wangu akaangalia saa, akasema, "Mama, twende sasa, tuwahi bwawa."

Hakuinuka. "Nendeni mkalione. Maji mimi nimeyaona."

"Basi nije kukuchukua kesho kutwa?"

"Hapana, baba. Nimefika."

Mume wangu alicheka kidogo, akaona mama yake hacheki. Akaanza kutaja dawa za presha, kliniki, baridi, umbali wa hospitali. Mpwa wa mama mkwe, binti wa dada yake aliyekuwa anaishi pale, mama mwenye watoto wakubwa, akasema zahanati ipo na yeye atampeleka. Mume wangu akanigeukia. "Mwambie wewe. Wewe anakusikia."

Niliketi karibu na mama mkwe kwenye mkeka. Kabla sijasema kitu akaniambia, "Umechoka, mwanangu. Unaniogesha umefumba macho."

"Sijalalamika, Mama."

"Hujalalamika. Ndiyo maana nasema mimi." Kisha akaongeza, "Na mimi nimechoka kungoja mrudi kutoka kazini. Nyumba yenu mchana haina mtu wa kuongea naye. Hapa tutagombana na huyu."

Nikainuka nikaenda garini kuleta mkoba wake. Nilimwonyesha mpwa vidonge, cha asubuhi na cha jioni, na namna ya kumchua magoti kuanzia chini kwenda juu. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya gari, ametupa mgongo.

Mtera tulifika alasiri. Bwawa lilikuwa pana kuliko nilivyodhani, rangi ya chai ya maziwa, na upepo ulikuwa unatupa mchanga machoni. Askari alituambia darajani haturuhusiwi kusimama wala kupiga picha, tusogee. Tukasogea mpaka wanapouza samaki. Watoto waliyatazama maji kidogo, wakarudi garini. Mdogo alijinyoosha kiti kizima cha nyuma akalala, dada yake akampakata miguu.

"Nimemwacha mama yangu," alisema mume wangu.

"Amebaki mwenyewe."

"Watu watasema umemfukuza."

"Waseme." Sikuwa na nguvu ya kuwajibu watu ambao hawajafika bado. Nilimnunulia perege wa kukaanga, akamshika mkononi bila kumla mpaka akapoa, halafu akamla wote amesimama, machozi yakimtoka. Nikasimama naye upande wa upepo.

Njia ya kurudi nilisinzia na kushtuka, nikasinzia na kushtuka.

Siku hizi mume wangu anakwenda Kibakwe mwenyewe, kwa basi, kila apatapo nafasi. Anasema mama yake amepungua mwili lakini kanisani anakwenda kwa miguu, na kwamba yeye na dada yake hugombana kweli, kuhusu chumvi, kuhusu kuku, kuhusu nani alipendwa na baba yao. Jumapili mama mkwe anapiga kwa simu ya mpwa wake na kuniuliza kama nalala. Namwambia nalala, ingawa si kila siku. Hajasema lini atarudi, na sisi hatujamuuliza.