Aliyevaa Nguo za Mjomba

Mimi na mdogo wangu wa kiume tumebishana kuhusu sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu tangu tukiwa watoto, tukikaa chini kwenye banda la video pale Kitangari. Mtafsiri mmoja mwenye sauti ya kukwaruza ndiye aliyewasemea waigizaji wote, wanaume kwa wanawake, na sisi tulitoka pale tukigombana mpaka nyumbani. Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Chiungutwa. Yeye ana meza ya kutengeneza simu pale Newala, ambapo pia anawaingizia watu movie kwenye memori kadi. Ubishi haujaisha, umehamia tu kwenye simu. Ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, namjibu wa dakika sita.

Misimamo yangu anaijua kwa moyo. Kwanza, nguo zao ni safi mno. Mtu anaangushiwa ghorofa, anainuka mkunjo wa pasi kwenye suruali bado umesimama, na hatuonyeshwi hata siku moja nani anafua. Pili, wanavua vinyago ovyo. Mwigizaji ana sura nzuri, mwenye filamu anataka sura ionekane, basi kila baada ya muda mfupi shujaa anajifunua uso, hata katikati ya vita. Sisi tumekulia mahali ambapo mapiko, wale wachezaji wa vinyago, yanatoka kucheza wakati wa jando, na mama yetu alitukanya mapema tusiulize nani yumo ndani ya kinyago. Aliyevaa, kwa muda ule, si yule mnayemjua. Watu wa sinema hili hawalijui, ndiyo maana sinema zao hazinitishi.

La tatu ndilo lililotugombanisha zaidi. Nachukia shujaa aliyekufa anaporudishwa. Nimemlilia, nimemzika moyoni, halafu sehemu ya pili anatokea na nguo mpya. Mdogo wangu anapenda hapo kuliko pote. Anasema mtu anakaa saa mbili kwenye kiti kwa sababu hiyo tu.

Tulikuwa na mchezo wetu pia, wa kugawa nafasi. Waigizaji wa nje tuliwafukuza kazi wote, tukawaweka watu wetu. Mwanamke wa mashine ya kusaga, anayenyanyua gunia peke yake, tulimpa nafasi ya jitu lenye nguvu. Dereva mmoja wa bodaboda anayeteremka mlima wa kwenda Masasi bila kushika breki tulimpa ya mwenye kasi. Adui mkuu alikuwa mwalimu wa kwaya wa kanisa la jirani, kwa sababu hajawahi kupaza sauti, na mtu wa namna hiyo akikuambia neno la kutisha utalisikia vizuri.

Shujaa wa kinyago alikuwa mjomba wetu. Hapo hatukubishana.

Mjomba, kaka wa mama, alikuwa mpuliziaji wa mikorosho, ya kwake na ya watu. Ikifika mwezi wa sita alitoka kabla jua halijachomoza, majani yangali na umande ili salfa, ile dawa ya unga, ishike, amebeba mashine mgongoni, amevaa koti la mvua, mabuti, miwani mikubwa, na kitambaa alichokata kwenye kanga kuukuu ya mkewe akajifunga puani na mdomoni. Hakuna sehemu ya ngozi yake iliyoonekana. Ulisikia mashine ikinguruma kwanza, kisha wingu la njano likajitokeza kati ya miti, kisha yeye, amepakwa unga mwili mzima, anatembea taratibu. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu, kwa hiyo kila hatua tatu nne aliyumba upande huo. Ukimsalimia aliinua mkono tu. Mdogo wangu alisema, "Huyo hahitaji hata kuigiza."

Mjomba alifariki wakati wa mvua, mwezi wa tatu, baada ya kuugua wiki chache. Tulimzika, tukafanya arobaini, na vifaa vyake vikabaki vimetundikwa kwenye msumari chumbani. Hakuna aliyevigusa.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita nilipanda kwenda Kitangari, na mdogo wangu akaja kutoka Newala. Wazee walikuwa wameshaamua kwamba yeye, mpwa wa kiume, ndiye achukue mashine. Mke wa mjomba, ambaye tangu zamani tunamwita Mama kama tunavyomwita mama yetu mzazi, alimwita chumbani mchana ule.

"Jaribu kwanza," alimwambia. "Kama koti linabana nitalilegeza."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alivaa koti, akavaa miwani, akafunga kile kitambaa cha kanga. Chumba kikajaa harufu ya salfa, kama mtu amewasha kiberiti. Alisimama hivyo kidogo, hasogei. Halafu akavua vyote upesi, akatoka nje bila kuaga.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, anajimwagia maji usoni.

"Kuna mtu anapumua humo ndani," aliniambia.

"Ni wewe unayepumua."

"Dada, nilikuwa nimeziba pumzi. Nilipoisikia nikaziba ili nihakikishe. Ikaendelea."

Siku nyingine ningemcheka. Nilimwambia akapumzike, na jioni akamweleza Mama kwamba hawezi, tutafute mtu wa kulipa. Mama hakumlaumu. Aliendelea kuchambua mbaazi zake.

Kesho yake alfajiri tulikwenda shambani sisi wawili kuangalia mikorosho imefikia wapi, ili tujue mpuliziaji tumwambie nini. Ulikuwa ukungu ule wa Newala unaopanda kutoka bondeni na kukaa juu ya miti. Mti wa tatu mbele yetu hatukuuona. Tulipokaribia tulisikia mashine.

Kila mashine ina mlio wake, na ile ya mjomba ilikuwa na kikohozi katikati. Tulisimama. Ukungu mweupe mbele yetu ukageuka kuwa wa njano, na ndani yake akaja mtu mwenye koti la mvua, miwani na kitambaa cha kanga, mashine mgongoni. Alipiga hatua tatu, akayumba kushoto. Akapiga nyingine, akayumba kushoto. Alipita umbali wa chumba na sebule kutoka tulipokuwa. Nilijikuta nimetamka "Shikamoo" kwa sauti ya chini. Mkono ukainuka. Kisha akaingia kwenye ukungu, na mlio ukasogea mbali mpaka ukazimika.

Mdogo wangu alinishika kiwiko. "Ni yeye," alisema.

Nilitaka kumwambia ninayomwambia siku zote, kwamba aliyekufa habari yake imekwisha. Tulibaki pale, maji yanadondoka kutoka kwenye majani, na nilianza kuamini kwamba tumedanganywa na macho. Ndipo mashine ikawaka tena. Safari hii ilikuwa mbali, kule mpakani mwa shamba, upande wa pili kabisa. Hatukukimbia, lakini tulirudi nyumbani kwa mwendo ambao si wa kawaida, wala hatukugeuka nyuma.

Chumbani msumari ulikuwa mtupu.

Tulikaa barazani. Jua lilipoanza kuutoa ukungu, mtu yule yule alitokea kwenye njia ya shambani, akaja mpaka uani, akaitua mashine chini, akavua miwani. Alikuwa Mama. Unga wa njano ulikuwa umemshika kwenye kope na kwenye mikunjo ya shingo.

"Mliniacha nipite bila kunisaidia," alisema.

Mdogo wangu alianza kulia, mtu mzima. Mama alimletea maji ya kunywa, kana kwamba mdogo wangu ndiye aliyetoka kazini.

Nilimuuliza kwa nini alikuwa anayumba vile. Aliwaza kwanza. "Sikujua kama nayumba," alisema. "Nimemtazama akitembea na mashine hiyo tangu nimeolewa. Labda miguu haijui namna nyingine."

Basi jambo likaeleweka, nikashusha pumzi. Nikamsifu kwamba amemaliza shamba zima asubuhi moja.

"Zima?" alisema. "Nimefanya mistari minne. Petroli ikaniishia, nikakaa chini ya mkorosho kupumzika, nikalala kidogo. Mistari saba imebaki."

Mdogo wangu alimwambia kwamba tulisikia mashine ikiwaka tena, kule mpakani. Mama alisema labda ni ya jirani. Jirani alikuwa Masasi kwenye msiba wiki ile yote, na yeye Mama ndiye aliyetuambia. Mchana tulikwenda wote watatu. Unga wa njano haukuishia mstari wa nne, ulikuwa kwenye majani ya wa tano, wa sita, mpaka wa kumi na moja, umelala vizuri, mwembamba, kama unavyotakiwa kulala. Mama alipitisha kidole kwenye jani moja, akalinusa, akakitazama kile kidole muda mrefu.

"Upepo," alisema. Asubuhi ile haukuwapo upepo wowote.

Hatujalizungumza tena, hata kwenye simu, sisi tunaozungumza kila kitu. Lililotokea ni kwamba raundi ya pili ya salfa ilipofika mdogo wangu alifunga meza yake Newala, akaenda Kitangari, akavaa zile nguo mwenyewe bila kuambiwa. Nilimuuliza kuhusu ile pumzi. Alisema ipo, na kwamba ukiifuata huchoki haraka.

Mwezi wa nane nilikwenda kuwatembelea wikiendi moja. Nilifika Jumamosi asubuhi, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikamsikia Mama anaongea chumba cha mbele. Mdogo wangu alikuwa ametoka shambani, amesimama kizingitini, koti, miwani, kitambaa, njano tupu. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele yake.

"Mbuzi yule mweusi amezaa," alikuwa anamwambia. "Wawili. Na bati la jikoni lile ulilosema litavuja, limevuja. Nimeweka beseni. Mdogo wako wa Chidya alipita juzi, amekonda, lakini anasema hajambo."

Mdogo wangu hana mdogo wake Chidya. Mjomba ndiye aliyekuwa naye.

Yule wa kizingitini aliitikia kwa kichwa polepole, akisikiliza, uzito wote ameuweka kwenye mguu wa kulia. Mama alimweleza habari za mbaazi, za mgonjwa wa nyumba ya tatu, za betri ya redio. Nilibaki nimesimama na mfuko wangu mkononi. Sikujua niingie au nirudi nje, wala sikujua, kwa dakika zile chache, namtazama nani.

Kisha Mama akajipangusa magoti, akainuka.

"Haya," alisema. "Vua sasa, mwanangu. Maji yako yapo bafuni."